Upande Wangu wa Sinia

Kabla sijaenda Italia sikuwa nimewahi kulala chumbani peke yangu hata usiku mmoja. Nyumba yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, ilikuwa na vyumba sita na watu wasiohesabika. Nasema hawahesabiki kwa sababu karani wa sensa alipokuja alituhesabu, akaturudia, akapata majibu mawili yasiyojuana. Mwisho akaandika lililompendeza, akaomba maji ya kunywa. Mimi nilichangia kitanda cha kamba na ndugu zangu watatu. Mmoja akitaka kugeuka alitoa taarifa, tukageuka sote.

Chakula wanaume tulikula ukumbini, sinia moja, na wanawake uani, sinia lao. Sheria ya sinia mtoto wa pwani hufundishwa kabla hajaota meno: unakula mbele yako. Una upande wako, na upande wa mwenzako ni nchi ya kigeni. Ukivuka mpaka unatazamwa, ukirudia unasemwa, ukirudia tena anayesemwa ni mama yako. Na mtu akipita barazani mkiwa mnakula, lazima aitwe, "Karibu." Akiwa na njaa anaingia, akiwa ameshiba anaingia vilevile, anaonja tonge moja ili asimvunjie mtu heshima. Kuukataa kabisa mwito wa chakula, hasa wa mtu mzima, ni kumwambia kwamba mikono yake michafu.

Tulikula kwa kasi pia, maana mjomba wangu alikuwa na kiganja kama koleo la reli. Tonge lake moja lingetosha harusi ndogo ya Pangani. Ukipaliwa katikati ya mlo, ukimaliza kukohoa unakuta sinia linang'aa, unajiona uso.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida. Aliyeiona hahitaji kuelezwa, na ambaye hakuiona hatasadiki. Sukari ilikuwa hadithi ya wazee. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na shati langu la kazini likapata rangi ambayo mpaka leo haina jina. Foleni ya sabuni ilikuwa kichwa kipo barabara ya nane, mkia uko Muheza unamenya chungwa. Matairi ya baiskeli tulijaza makumbi, ukipita mtaani unalia kama godoro. Na ugali ulikuwa wa unga wa njano, ule wa msaada, unaonuka gunia. Kuku wetu walimwagiwa siku moja, wakautazama, wakaenda kuparura kwingine.

Nilikuwa fundi katika kiwanda cha kusokota kamba za mkonge. Mashine zetu mbili kubwa zilikuwa zimekufa siku nyingi na njiwa walizigeuza mji wao. Waliozitengeneza, Waitaliano, wakakubali kumfundisha fundi mmoja namna ya kuzifufua, kwao, muda wa mwaka na zaidi. Alitakiwa mtu anayejua kusoma. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu masomo ya jioni, tena kwa taabu, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa adimu na mwalimu alitufundisha jiografia gizani. Ndiyo maana Ulaya naijua kwa kupapasa.

Habari zilipofika kijiweni, wenzangu waliniangalia kama maiti aliyeomba chai.

"Huyu?" mmoja akasema. "Huyu hata chooni anataka msindikizaji."

"Atarudi wino wa paspoti haujakauka," akaongeza mwingine.

"Jina lako tumeshaliandaa," akamaliza yule wa tatu, akinipiga bega. "Ukirudi kabla ya muda, utaitwa Nusu Safari."

Msomaji asidhani huo ni mzaha mdogo. Jina la kijiweni Ngamiani halifi. Kuna mtu aliteleza kwenye ganda la ndizi mbele ya msikiti, zamani za Mjerumani, na wajukuu zake mpaka leo wanaitwa ukoo wa Chali. Nilijua nikirudi kabla ya kumaliza, mashine zitabaki za njiwa na mimi nitazikwa kwa jina la Nusu Safari.

Mama hakunitania. Alinifungia pweza mkavu, pilipili na ukwaju, akaniambia, "Baridi utaizoea, mwanangu, na lugha utaiokota. Ila usile peke yako. Anayekula peke yake, shetani ndiye humshikia sahani."

Basi nikaenda. Baridi nilidhani naijua, kwa kuwa niliwahi kupanda milima ya Amani nikatetemeka nikiwa na shuka mbili. Lo. Baridi ya Amani ni joto la mwili ukilinganisha na ile. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, upande wa kaskazini, na asubuhi ya kwanza nilimwona mbwa akibweka, mdomo ukagandia wazi, sauti ikatoka mchana jua lilipochomoza. Nikapewa chumba juu kabisa kwenye nyumba ndefu ya ghorofa yenye ua katikati, yaani nyumba yetu ya Ngamiani iliyosimamishwa wima na kuondolewa watu. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko, meza, kiti kimoja. Kiti kimoja. Nilikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Kwetu hata mgonjwa hapewi kiti kimoja, kwa sababu anayekuja kumtazama atakaa wapi?

Kulala nilijifunza haraka. Niligeuka bila kutoa taarifa, nikaona ni uhuru. Tabu ilikuwa kula.

Duka la pale chini lilikuwa na kila kitu tulichokuwa tukikiota Tanga. Sukari imejaa rafu nzima na hakuna anayeipigia foleni. Nilinunua mchele, nikapika wali wa nazi usio na nazi, nikaupakua kwenye sahani kubwa, nikakaa chini sakafuni, nikasema bismillahi. Nikala upande wangu. Ulipokwisha, mkono ukasimama.

Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Upande wa mjomba ulikuwa pale ng'ambo, mweupe, haujaguswa, na mkono wangu haukwenda. Nikajisemea, mwanamume, mjomba yuko Ngamiani. Mkono ukajibu, hata kama. Nikazungusha sahani ili upande wa mjomba uje mbele yangu, nikajiona mwizi wa shamba. Siku ya pili nikatumia sahani ndogo, nikajihisi mtoto anayeuguzwa surua. Nikajaribu kula nikiwa nimefumba macho, nikauingiza mkono kwenye chai.

Nikafungua mlango wakati wa mlo, ili anayepita ngazini nimkaribishe. Jirani wa mkabala akapita. Nikamwambia "Karibu," nikimwonyesha sahani iliyo sakafuni na nafasi ya kukaa. Alinitazama mimi, akaitazama sahani, akaingia kwake taratibu, nikasikia anafunga kufuli la kwanza, la pili, na kusogeza kabati.

Kwa hiyo kila siku nilikula robo ya sahani na robo tatu nikawapa njiwa dirishani. Njiwa wa mji ule wakanenepa mpaka wakaacha kuruka, wakawa wanapanda ngazi kwa miguu. Mimi nikakonda. Suruali niliyotoka nayo Tanga niliifunga kwa uzi wa mkonge, halafu nikauongeza uzi.

Kiwanda kilikuwa na daktari wake. Alinipandisha kwenye mzani, akanishusha, akanipandisha tena, akaugonga mzani kwa kidole. Pembeni alikaa fundi mwenye masharubu aliyekuwa akinifundisha kazi. Huyo aliwahi kuwa baharia, na tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga, chake cha melini na changu cha gizani.

"Daktari anauliza, kwenu kuna njaa?" akatafsiri.

"Ipo kidogo."

"Anauliza, hapa kuna chakula?"

"Kipo kingi."

"Sasa anauliza, kwa nini ulinenepa kule unakondea huku?"

Ningemjibu nini? Kwamba upande wangu huisha? Nikasema ni baridi. Daktari akaandika, akasema maneno marefu, na masharubu ya fundi yakalegea. "Anasema mizabibu ikianza kuzaa atakupima tena. Kama hujaongezeka, watakurudisha kwenu. Hawataki mgeni awafie mikononi."

Na kitu nilichofuata Italia, ile sehemu ya kusokotea iliyokufa kwetu, tulikuwa hatujaigusa. Tulikuwa bado kwenye magurudumu. Nikatoka pale nikisikia kabisa sauti kutoka kijiweni: Nusu Safari, shikamoo.

Sasa nimlete mjane. Chini kabisa ya ngazi zetu, mlango ukitazama ua, palikuwa na jiko la mwanamke mtu mzima aliyevaa nyeusi kutoka utosini mpaka visiginoni. Siku ya kwanza nilifurahi, nikasema angalau mmoja ana stara. Alikuwa mfupi, mpana, na mdomo wake ulikuwa unamgombeza mtu hata akiwa peke yake. Mlango aliuacha wazi kwa sababu jiko lake la kuni lilikuwa linatoa moshi, na kila nilipotoka kazini nilimkuta mezani na bakuli lake. Mimi nikiona mtu mzima, kinywa huamkia chenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

Naye, bila kuinua kichwa, anainua kijiko na kuniambia, "Favorisca."

Nikadhani ndiyo marahaba yao. Tukaendelea hivyo muda mrefu sana. Mimi shikamoo, yeye favorisca, mimi napanda zangu ngazi kula robo yangu. Mpaka siku moja, baada ya ile habari ya mzani, nikamuuliza fundi mwenye masharubu maana ya lile neno.

"Mtu anakuambia akiwa anakula?"

"Ndiyo."

"Maana yake karibu. Karibu ule naye."

Niliketi juu ya sanduku la spana. Mwanamke mtu mzima, mjane, ananiita chakula kila siku ya Mungu, na mimi nampa shikamoo napita kama paa. Huko Ngamiani ningekuwa nimeshasomewa albadiri. Jioni ile sikwenda juu. Nilinawa mikono kwenye bomba la uani, mpaka viwiko, ili aone, nikasimama mlangoni kwake.

"Shikamoo."

"Favorisca."

Nikaingia, nikavuta kiti, nikakaa.

Kijiko chake kilisimama hewani. Kikakaa hewani muda ambao kwetu muadhini angemaliza adhana. Alinitazama kama mtu aliyemwambia paka "habari yako" na paka akamjibu "nzuri." Mimi nikatabasamu kwa adabu, mikono juu ya magoti, nikisubiri kunyweshwa lawama za kuchelewa. Hatimaye akainuka akinung'unika, akatoa bakuli la pili, akalipuliza vumbi, akanijazia mchuzi wa maharage na tambi. Nikamuuliza kama una nguruwe. Lugha sikuwa nayo, kwa hiyo niliuliza kwa kukoroma. Akaniangalia, akatikisa kichwa, akajikoromea kidogo mwenyewe kuona kama ameelewa sawa, akatikisa kichwa tena. Aliponimiminia mvinyo nikafunika kikombe kwa kiganja. Akaunywa wa kwangu.

Bakuli lilikwisha. Nasema lilikwisha, mpaka chini. Mtu akiwa ng'ambo ya meza, mkono unajua njia.

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Akawa ananung'unika, ananipakulia. Tukaongea, yeye kwa lugha yake, mimi kwa yangu, hakuna aliyemkatiza mwenzake na hakuna aliyekosea. Uzi wa mkonge kiunoni nikaufupisha. Nikaona nimepona, nikaenda kumsimulia fundi mwenye masharubu kwa maringo.

Alicheka mpaka akashika mashine. Akaita wenzake, akawasimulia, nao wakashika mashine.

"Wewe, lile neno ni la adabu," akaniambia akijifuta macho. "Mtu akila hawezi kumwona mwenzake akapita kimya, basi anasema favorisca. Na wewe unajibu ahsante, mlo mwema, unapita. Toka nizaliwe sijamwona mtu akikaa. Hakuna aliyewahi kukaa. Wewe umekaa."

"Si uliniambia maana yake karibu ule?"

"Ndiyo maana yake. Lakini hailiwi."

Sijawahi kusikia kitu cha ajabu kama kile: mwito wa chakula usio na chakula ndani yake. Lakini aibu ilikuwa yangu. Mjane wa watu, nimemvamia, nimemlia maharage yake, nimemkoromea mezani. Kuanzia siku hiyo nikaacha kupita mlangoni kwake. Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo ya makaa iliyotokea ngazini, nikawa napita humo nimeinama, natoka upande wa pili mweusi zaidi ya nilivyoumbwa, jambo ambalo si rahisi. Nikarudi kwenye sahani yangu, sakafuni. Robo yangu, robo tatu za njiwa. Uzi wa kiunoni nikauongeza tena, na nje mizabibu ilikuwa imeanza kutoa vikonyo.

Siku ya mapumziko, mchana, mlango wangu ukagongwa kwa kitu kizito. Nikafungua. Alikuwa mjane wa chini, anahema, na ameshika mwiko mrefu kama kasia. Wakati huo lugha nilikuwa nimeshaiokota ya kutosha kutukanwa.

"Umekufa?" akaniuliza.

"Sijafa, mama."

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Basi una wazimu. Napika sufuria, nakaa nayo, inapoa. Jana imepoa. Na wewe nakuona unapita kwenye makaa kama mwizi wa kuku. Hata mwizi huaga."

"Mwizi haagi, mama."

"Wa kwetu huaga."

Nikamwambia nimeelezwa, kwamba neno lake ni la adabu tu, kwamba kwetu mtu akiitwa anakaa, na kwamba anisamehe maharage. Akaniuliza nani kanieleza. Nikamtaja fundi mwenye masharubu.

"Yule? Yule hata mama yake hajawahi kumkaribisha." Akaingia ndani bila hodi, akaitazama sahani yangu sakafuni na robo tatu zake. "Ni kweli, ni adabu. Siku ile ulipokaa nilitaka kukupiga na kijiko. Nikajiuliza, huyu kalelewa na nani? Lakini umeshakaa. Nimeshazoea kuongeza maji kwenye sufuria. Sasa nikae niyatoe kwa kijiko?" Akaushika mkono wangu juu ya kiwiko, akauminya kama mtu anayenunua mbuzi Ijumaa. "Mwembamba. Lakini upo. Shuka."

Nikashuka. Motoni palikuwa na sufuria ya shaba yenye maji yanayochemka, kubwa ya kutosha kuogeshea mtoto. Akaniambia tangu mumewe afe hajakipika hiki chakula, kwa sababu hakipikwi cha mtu mmoja, ukikipika cha mmoja kinakuwa uji wa paka. Na kinataka mkono wa kusonga, na wake umechoka. Akafungua mfuko, akaanza kumimina unga.

Ulikuwa wa njano.

"Mama," nikasema, "huu naujua. Huu kwetu tunapewa tukiwa na shida. Mimi nimepanda ndege kuukimbia huu."

"Na sisi tulikula shida hiyohiyo vita nzima," akanijibu. "Asubuhi huu, jioni huu, na picha ya samaki ukutani ndiyo kitoweo. Songa."

Nikasonga. Kwetu mwanamume hashiki mwiko, na mjomba angeniona angeanza kupanga hitima. Nikasonga mpaka jasho likatoka, mara ya kwanza tangu nitoke Tanga. Nikasonga mpaka nikakumbuka dhambi za utotoni nikaanza kutubu moja moja. Kila nikipunguza mwendo, mjane anagonga sufuria kwa kijiko. Ugali ule unapikwa muda wa kwenda Muheza na kurudi, tena kwa baiskeli ya makumbi.

Ulipoiva hakuleta sahani. Alileta ubao mpana wa mbao, akauweka katikati ya meza, akaupindua ugali wote juu yake, ukatandaa kama mwezi uliodondoka. Katikati akamwaga kuku wa mchuzi. Halafu akachukua uzi, akaunyoosha kwa mikono miwili, akapitisha chini ya ugali, ukakatika pande mbili bila kisu. (Baadaye nilimletea uzi wa mkonge wa Tanga, zawadi. Akaunusa, akasema una harufu ya farasi, akaniambia nijifungie suruali.) Kisha akanyoosha kidole kwenye ule mkato.

"Huku kwako. Huku kwangu. Kuku yuko katikati, anayefika kwanza ndiye mwenyewe. Nyumbani kwa baba tulikuwa tisa kwenye ubao mmoja. Ukivuka mpaka, nakukata kidole."

Niliutazama ule mpaka. Sikuwa nimeuona tangu Ngamiani. Nikanawa, nikasema bismillahi, nikakata tonge.

Nanyi mnajua, mkono haukusimama. Ungesimamaje? Ng'ambo kulikuwa na mtu. Yule mama alikula kwa uma kwa kasi ya cherehani, mimi kwa mkono, tukielekea katikati kila mmoja kutoka kwake. Nilikuwa namkaribia kuku nilipomwona mjane ameinua kichwa kwa mshangao, akanyoosha kidole dirishani.

"Tazama, nani yule uani?"

Nikageuka. Uani hapakuwa na mtu. Nilipourudisha uso, paja la kuku lilikuwa limeshavuka mpaka na linatafunwa.

"Mama, huo ni wizi."

"Ulisema mwizi haagi," akajibu, mdomo umejaa. "Mimi nimekuaga."

Tukawa hivyo. Alinidanganya kwa dirisha, akanidanganya kwa kengele ya kanisa, akanidanganya kwamba nina buibui shingoni. Nikajifunza kula jicho moja likiwa kwake. Uzi wa kiunoni ukakatika wenyewe, sikuufunga tena. Njiwa wa dirishani walikuja siku chache, wakanisubiri, wakaanza upya mazoezi ya kuruka.

Siku ya mzani mjane alikuwa na hofu kuliko mimi. Alinijazia mifuko ya koti mapande mawili ya ugali wa njano uliochomwa, mazito kama matofali, akasema ni bima. Daktari akanipandisha. Sindano ikaruka. Akanishusha, akanitazama mifukoni, akavitoa vile vipande, akaviweka mezani mbele ya fundi mwenye masharubu aliyekuwa anajikaza asicheke. Nilisikia Nusu Safari ikipiga hodi mlangoni. Akanipandisha tena, mifuko mitupu.

Sindano ilisita. Halafu ikapita pale ilipotakiwa, ikaendelea kidogo.

"Anauliza unakula nini," fundi akatafsiri.

Nilikuwa nimefunguka moyo. Nilichukua kipande kimoja cha ugali, nikakisogeza mbele ya daktari, nikamwambia, "Favorisca."

Akasema ahsante, mlo mwema, kama inavyopasa. Lakini mimi sikuwa nimesema kwa adabu. Nilibaki nimekishika, namtazama, kama mama yangu anavyomtazama mgeni anayejidai ameshiba. Akamega kipembe. Akatafuna. Akavuta kiti.

Nilimaliza muda wote niliopelekewa, na sehemu ya kusokotea nikaijua mpaka kwenye ndoto. Siku ya kuondoka mjane hakulia. Alinitukana mpaka stesheni kwa kumwachia mfuko mzima wa unga usiopikwa wa mtu mmoja. Nikamwambia jirani wa mkabala ana mikono miwili, mkaribishe, na akisema ahsante usimruhusu apite. Akasema atafikiri.

Mimi nilijaza sanduku zima sabuni. Niliacha nguo, nikapakia sabuni, kwa sababu nilitoka Tanga ambako mtu alikuwa anaweza kuoa kwa mche mmoja. Nikateremka Ngamiani nimelibeba begani kama jeneza la sultani, na kitu cha kwanza nilichokiona, duka la Mhindi wa kona yetu, rafu imejaa sabuni. Nyeupe, za rangi ya waridi, zenye picha ya mwanamke anayecheka. Mizigo ya nje ilikuwa imeruhusiwa, kila mwenye shilingi analeta alichotaka.

"Karibu bwana," mwenye duka akaniambia. "Sanduku lanukia vizuri. Umeleta sabuni? Unauza bei gani, tuone kama nakushinda?"

Kijiweni walisimama kunipokea, wakanizunguka, wakanipima tumbo kwa macho. Jina la Nusu Safari lilikuwa limekufa, hilo waliliona. Lakini kijiwe hakirudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikuwa amekuja mlangoni, akanishika mashavu, akaniuliza mbele yao wote, "Umenenepa, mwanangu. Ulikuwa unakula na nani?"

"Na mjane mmoja, mama. Alikaa chini yangu."

Kijiwe kizima kikasogea karibu, kwa furaha.

"Mjane wa umri gani?"

"Mtu mzima, mama. Namwamkia shikamoo."

"Hata baba yako alinianza kwa salamu," akasema mama, akaenda kupakua. Na mpaka leo, mashine zikiwa zimefufuka na kufa tena, mimi naitwa Mume wa Mjane.

Sinia likaja ukumbini. Wali mweupe, nazi ya kweli, kuku juu. Nikanawa, nikakaa mahali pangu, nikakuta mahali pangu hapapo. Katika muda ule wote upande wangu ulikuwa umegawanywa, mdogo wangu kachukua huku, binamu kachukua kule, na lile koleo la mjomba lilikuwa limejenga kabisa. Wakasogea kidogo, kwa adabu, kiasi cha kuniachia nafasi ya kidole gumba. Wali mbele yangu ulitosha shomoro. Nikatazama kuku. Alikuwa ng'ambo, kwa mjomba.

Niliinua kichwa, nikanyoosha kidole kuelekea barazani.

"Mjomba," nikasema, "nani yule anayepita?"

Mjomba ni mtu wa heshima zake. Aligeuka mzima mzima, akaitazama barabara tupu, akasema kwa sauti kubwa, "Karibu." Alipourudisha uso, mimi nilikuwa nimeshavuka mpaka.